Kitambaa Chini ya Picha ya Kapteni

Jumatano mjukuu wangu Lorena alikuja kuchukua boksi la picha, na mimi kwa mikono yangu miwili nikampa.

Lilikuwa boksi la viatu vya theluji vya marehemu mume wangu, Angus. Ndani yake mlikuwa na picha kumi na nne za timu yetu ya vijana ya magongo ya barafuni, Bundi Weupe wa Dobrava, na Lorena alizitaka kwa ajili ya ukuta wa historia ambao kamati ilikuwa inautengeneza kwenye ukumbi wa barafu. Picha ya mwaka sitini na tisa ilikuwa kubwa, yenye fremu na kioo. Kwa kuwa siwezi kukitoa nyumbani kitu cha kuvunjika bila kukifunga, niliizungushia kitambaa cha kwanza nilichokipapasa kabatini. Sikukitazama. Mikono ilikuwa na unga, nilikuwa nakanda maandazi ya viazi, yale ya kuchemsha, mia mbili na arobaini kwa ajili ya wageni wa Jumamosi.

Jumamosi saa tano asubuhi niliingia ukumbini na sufuria ya kwanza, nikapita kwenye ukuta, nikakiona. Kitambaa cha ubatizo cha mdogo wangu Ostap, cheupe, chenye majogoo mekundu pembeni na nyuzi nyeusi katikati, kimenyooshwa kwa pasi na kufungiwa nyuma ya kioo. Juu yake ilikaa picha ya Ostap akiwa na jezi ya kapteni, na chini ya picha Lorena alikuwa ameandika kwa herufi nzuri: Ostap Holovaty, kapteni, amezaliwa 4 Januari 1949. Na chini ya maandishi hayo, hata shubiri moja haifiki, uzi wa mama yangu ulisema: 22 Desemba 1948.

Niliweka sufuria sakafuni.

Nieleze kwa nini. Mchezo wa vijana una sheria moja ambayo hata mtoto wa chekechea hapa Dobrava anaijua: siku ya kwanza ya Januari ya msimu ule, mchezaji awe hajatimiza miaka ishirini. Akiwa ametimiza, hata kwa siku moja, ni mtu mzima, na kila mchezo aliocheza unafutwa. Msimu wa sitini na tisa ndio Ostap alitupatia kombe la jimbo zima la Saskatchewan. Kwa cheti cha serikali alitimiza ishirini tarehe nne Januari, siku tatu baada ya mstari. Kwa kitambaa alitimiza tarehe ishirini na mbili Desemba, siku kumi kabla yake.

Kombe lile ni moja tu. Timu yetu ilianza mwaka hamsini na mbili, baba zetu walipojenga ukumbi kwa mbao za ghala la ngano lililobomolewa, na mpaka leo ukikaa karibu na mlango wa kusini unasikia harufu ya ngano kavu. Jezi za kwanza akina mama walizishona kwa magunia ya unga, wakazichovya kwenye maji ya viazisukari vyekundu zikawa nyekundu kama damu. Baada ya kufuliwa mara moja zikawa za waridi, na watu wa Peskett, majirani zetu wa kilomita arobaini, wakawaita vijana wetu Maharusi wa Dobrava. Baada ya kufuliwa mara tatu zikawa nyeupe kabisa, ndipo likaja jina la Bundi Weupe. Tulikuwa mabingwa wa kanda ya kaskazini mara nne. Wachezaji wetu wawili walifika ligi kubwa, mmoja akarudi na goti bovu akafungua karakana ya matrekta. Lakini kombe la jimbo ni lile moja, na bendera yake inaning'inia kwenye boriti katikati ya uwanja. Niliishona mimi, mita mbili kwa mita moja na robo, kwa cherehani ya mama.

Mama alifariki Machi ya mwaka ule ule wa kombe. Aprili, wiki ya fainali, nilikuwa namalizia kuondoa vitu vya sanduku lake nikakikuta kitambaa. Nikakiweka pembeni ya cheti cha Ostap, nikatazama tarehe hii na ile, nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Nilikuwa na miaka mitano Ostap alipozaliwa. Nakumbuka tufani ya theluji, mlango umezibwa mpaka kwenye komeo, na mkunga akisema mtoto ametangulia Krismasi. Nakumbuka pia baba akirudi kutoka ofisi ya karani barabara zilipofunguliwa. Basi nikasema, baba alichelewa kuandikisha, akaogopa kukaripiwa, akataja tarehe ya karibu. Hata keki ambayo mama alimpikia Ostap kila tarehe nne Januari nikaiona kuwa ni ya kufunika jambo.

Nilinyamaza mpaka fainali ikachezwa. Tulikuwa sare na Peskett mpaka muda wa nyongeza, Ostap kidole gumba kimevunjika, kimefungwa kwa utepe wa gongo, akapiga kisahani, kile cha mpira mgumu tunachochezea badala ya mpira, kikampasua kipa wao kidevu kikaingia wavuni. Mji mzima ukalia kwa furaha. Siku tatu baadaye nikasikia kuna mtu anakuja kutoka Winnipeg kumtazama Ostap kwa ajili ya timu kubwa, na kwamba ataomba vyeti vyote, pamoja na cha ubatizo. Ndipo nikamkalisha mezani, nikamwonyesha kitambaa. Nilidhani namkinga.

Mtu wa Winnipeg alipokuja, Ostap alikuwa ameenda shambani kwa mjomba, na hakurudi mpaka mtu yule akaondoka. Hakucheza tena. Aliendesha malori ya ngano, halafu wakampa kazi ya mashine ya kusawazisha barafu pale ukumbini, na huu ni mwaka wa arobaini anaifanya. Kila siku anapita chini ya bendera ile mara sita au saba. Sijawahi kumwona akiinua macho. Kombe likitolewa kabatini kwa sherehe, yeye anakumbuka kuna bomba linavuja.

Sasa hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya kioo, saa tano asubuhi, na saa nane mchana ulikuwa mchezo, na kabla ya mchezo ufunguzi, na walioalikwa ni wazee wa Peskett tuliowafunga kwenye fainali ile.

Nilimtafuta Lorena. Alikuwa juu ya kiti anafunga riboni.

"Kile kitambaa nakitaka," nikamwambia.

"Kesho, Bibi."

"Nakitaka sasa. Kina tundu, nataka nilizibe."

"Tundu liko wapi? Nimekipiga pasi mwenyewe, ndicho kitu kizuri kuliko vyote hapa." Akashuka, akanishika bega. "Na ufunguo anao mwenyekiti. Ameenda na basi Peskett kuwachukua wazee. Kaa chini, Bibi, unahangaika tangu umeingia."

Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda jikoni nikahesabu sahani, nikarudi nikakuta kitambaa bado kipo, kana kwamba kingeondoka chenyewe. Nilijaribu kioo kwa ukucha pembeni, hakikutikisika. Nikaleta meza ndogo nikaiweka mbele yake, juu yake nikapanga krimu ya maziwa na vitunguu vya kukaangwa. Lorena akaja akaiondoa, akasema watu watapita wapi. Nikaleta chungu cha maua. Akakiondoa nacho, safari hii akinitazama sana. Nikafikiria kumwambia, lakini yeye ni katibu wa kamati, ni binti mnyoofu, angeenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Halafu bendera ingeshushwa mbele ya Peskett, na jina la mdogo wangu, ambaye hakumdanganya mtu katika maisha yake, lingekuwa jina la mdanganyifu.

Nikavaa koti langu kubwa la baridi, lile la manyoya kwenye kola, nikaenda kusimama mbele ya kioo, mgongo ukutani.

Wakaja. Wazee kumi na mmoja wa Peskett, wengine na mikongojo, mmoja kwenye kiti cha magurudumu, wote wakinukia hewa ya nje. Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Watu wakajaa ukutani, wakacheka jezi ya gunia, wakatafutana kwenye picha. Mimi nilisimama. Jasho lilinitiririka ndani ya koti mpaka kiunoni. Lorena alipita akaniuliza mbona nimevaa koti ndani, nikamwambia nasikia baridi, akasema basi nisogee kwenye hita kwa sababu nimemziba Babu Ostap. Nikamwambia ninakuja.

Nestor Bilyk ndiye aliyenifikia. Ndiye alikuwa kipa wao mwaka ule, na lile kovu bado liko kidevuni, jeupe, halioti ndevu. Siku hizi ni mwimbishaji wa kanisa lao la Peskett.

"Bi Paraska, nipishe," akasema. "Nimepigwa baridi kilomita arobaini nije nimtazame aliyenipasua kidevu, nakuta natazama vifungo vya koti lako."

"Hujakosa kitu. Siku ile yeye alibaki amesimama, wewe umelala kwenye barafu."

"Niliteleza."

"Umeteleza miaka hamsini na sita, Nestor, hujainuka tu?"

Wazee wenzake wakacheka, mmoja akakohoa sana, na katika kule kucheka wakasogea wote, wakanisukuma kwa mabega bila ubaya, nikajikuta pembeni. Nestor akatoa miwani ya pili mfukoni, akaivaa juu ya ile ya kwanza. Akaitazama picha. Akasoma maandishi ya Lorena. Halafu akainama, na midomo yake ikaanza kucheza, anasoma herufi za mama, zile za lugha ya wazee wetu, ambazo pale ukumbini tulioweza kuzisoma labda tulikuwa watu watano.

Nilishika kamba ya riboni. Nakumbuka ilikuwa ya buluu.

"Kumbe alizaliwa siku ya Mtakatifu Anastasia," akasema.

Nikasema haraka kwamba mama alikuwa hajui kuandika vizuri, sindano iliteleza, asiifuate tarehe ile.

"Mbona iko sawasawa?" Akaweka ukucha kwenye kioo. "Hii ya chini, na hii ya juu. Ishirini na mbili, ongeza kumi na tatu. Desemba ina thelathini na moja. Nne Januari. Mama yako kahesabu kwa kalenda ya kanisa, serikali ikahesabu kwa yake. Ni siku moja hiyo hiyo."

"Kumi na tatu ya nini?"

Alinitazama kama anavyowatazama watoto wa kwaya. "Wewe Bi Paraska si umezaliwa hapa? Mlipokuwa wadogo, kwenu Krismasi mlikula lini?"

"Tarehe saba Januari. Halafu kanisa letu likahamia Desemba, baba akiwa bado hai."

"Na ulidhani ni Krismasi peke yake iliyohama? Kalenda nzima ya kanisa ilikuwa nyuma ya ile ya serikali kwa siku kumi na tatu."

Mkunga alisema mtoto ametangulia Krismasi, na Krismasi ya mwaka ule tuliila tarehe saba Januari, siku tatu baada ya tufani kutulia, baba akifukua mlango ili nyota ya kwanza tuione. Nilikuwepo. Nilikula uji wa ngano na asali siku ile. Nilijua maisha yangu yote kwamba Krismasi ina tarehe mbili. Sikujua kwamba kila siku ya mwaka inazo mbili. Nilisoma mpaka darasa la saba na hesabu sikuwahi kuanguka, na hesabu hii ya kujumlisha kumi na tatu haikunipitia kichwani hata mara moja.

Nestor alikwishasogea kwenye picha nyingine, anabishana na mwenzake nani alikuwa beki wa kushoto.

Nilitembea mpaka nyuma ya ukumbi, kwenye banda la mashine. Ni mwendo wa hatua tisini, nimeuhesabu baadaye. Mchezo ulikuwa umeanza, nilisikia magongo yakigongana na watu wakipiga miguu kwenye mbao. Ostap alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mashine anakula mkate na soseji, kofia yake ya masikio imening'inia kwenye usukani. Hakuniuliza mbona nimekuja. Alijisogeza nikae, mimi nikabaki nimesimama.

Nikamwambia kitambaa kiko ukutani.

Akaacha kutafuna. "Nani kakiona?"

"Nestor Bilyk. Amekisoma."

Akaufunga mkate kwenye karatasi yake, taratibu, akiikunja pembe kwa pembe. "Basi," akasema. "Ngazi ndefu iko nyuma ya matangi. Mwambie mwenyekiti asimtafute mtu. Nitapanda mimi niishushe bendera."

Nilielewa hapo kwamba ile ngazi alishaiwaza siku nyingi. Miaka arobaini alijua iko nyuma ya matangi.

Nikamweleza. Nilianza vibaya, kwa Mtakatifu Anastasia, akadhani nimechanganyikiwa, ikabidi nianze upya kwa Krismasi, nikamfikisha kwenye kumi na tatu. Alivua glovu. Akahesabu kwa vidole, kile kidole gumba kilichopinda akikiruka na kukirudia, akafika mwisho, akaanza tena tangu mwanzo. Nikamsikia akisema thelathini na moja, kisha moja, mbili, tatu, nne.

"Keki," akasema.

"Keki gani?"

"Mama alinipikia keki tarehe nne. Tangu sijui hata kuongea vizuri. Wewe ukaniambia anaficha."

"Nilikuambia."

"Mama hakuwa na lolote la kuficha, dada."

Nikamwambia hakuwa nalo. Nikamwambia nimekosa, nimemkosea yeye na nimemkosea mama ambaye hakuwepo kujitetea. Nilisubiri aniulize habari ya yule mtu wa Winnipeg. Nilijiandaa kwa hilo. Hakuuliza. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilitaka anikaripie, niwe na kitu cha kujibu, lakini Ostap si mtu wa kukaripia, na king'ora cha kumaliza kipindi cha kwanza kikalia juu ya vichwa vyetu, mlango mkubwa ukafunguka, na kazi ikawa inamsubiri.

Akavaa kofia. Akapanda.

Hapa lazima niseme kuhusu mashine ile. Nyuma yake inamwaga maji ya moto, yanayeyusha mikwaruzo na kuganda laini. Kwa sababu hiyo haisimamishwi juu ya barafu. Ukiisimamisha, maji yanakaa mahali pamoja, yanachimba shimo. Ostap amewafundisha vijana wanne kazi hii, na somo la kwanza ni hilo, hata kama mke wako anakuita, hata kama nyuki kakuingia sikioni, usisimame. Miaka arobaini hakusimama.

Nilirudi nikasimama kwenye uzio, mbele ya viti vya Peskett. Ostap alizunguka ukingo wa kwanza, akageuka, akazunguka wa pili. Akaingia katikati. Chini ya bendera mashine ikapunguza mwendo. Halafu ikasimama.

Aliinua kichwa. Kofia ikamwanguka nyuma, hakuiokota. Watu wakaendelea kununua kahawa, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka. Mvuke ulikuwa unapanda nyuma ya magurudumu. Wachezaji wa timu yetu wa sasa, wa miaka kumi na saba, kumi na minane, walikuwa mlangoni na magongo mikononi, wakitazamana.

"Bibi," Lorena akaniuliza, amekuja mbio, "mashine imekufa?"

"Haijafa."

"Sasa mbona hamtoi mtu akamsaidie? Itachimba barafu."

"Muache asome," nikasema.

Alisoma. Bendera ile ina maneno manne tu na mwaka. Sijui ilimchukua muda gani, mimi nilikuwa natafuta pa kuweka mikono yangu na sikupapata. Nestor Bilyk nyuma yangu aliuliza kwa sauti kama Dobrava siku hizi wanatoboa barafu kuvua samaki katikati ya uwanja, na wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo.

Mashine ilipoondoka iliacha shimo la upana wa beseni na kina cha kiganja. Kipindi cha pili kilichelewa dakika ishirini na tano. Ostap aliirudisha mashine bandani, akarudi kwa miguu na ndoo mbili za theluji na moja ya maji, akakataa kusaidiwa na mtu. Alipiga magoti pale katikati, mzee wa miaka sabini na sita, kichwa wazi, akaanza kushindilia theluji kwa kiganja, anamwagia maji kidogo, anasubiri ishike, anashindilia tena.

Mwenyekiti alinifuata na ufunguo. Lorena alikuwa amemwambia nakitaka kitambaa. Nikamwambia kikae palepale, tena Lorena apigilie taa ya kukimulika, kwa sababu herufi za mama ni ndogo na wazee wa Peskett macho yao yameisha.

Halafu nikafungua kilango cha uzio, nikashika ndoo ya pili ya theluji aliyoiacha hapo, nikakanyaga barafu kwa viatu vyangu vya jikoni. Kufika katikati ni mbali kwa mtu wa umri wangu. Ostap alisikia hatua zangu, hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, nikampa theluji.